Inkscape inafika 390% ya prosesa nikivuta karibu bango la A1: nipime vipi?

mchapaji_kla
Habari wakuu. Naomba msaada wa kupima, sitaki kubahatisha. Laptop ina viini 4 na RAM ya GB 8, Ubuntu 24.04, programu ya kuchora ya Inkscape 1.2 ya apt. Kazi ni bango la kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) la A1, na kila herufi ina kivuli chenye ukungu. Nikivuta karibu au kusogeza ukurasa, `top` inaonyesha inkscape ikipanda hadi 390%, na picha inajichora vipande vipande. Faili nyingine hazina shida. Hapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, nashauriwa ninunue kompyuta yenye kadi ya grafiki. Kabla sijatoa pesa, nijue kwanza ni kazi gani inayokula prosesa.

fundi_ntinda
Kaka, pesa ziache mfukoni kwanza. Toleo hilo linachora kwa Cairo (maktaba ya programu ya kuchora), na hesabu zake zinafanyika kwenye prosesa. Kadi haitaipunguzia kazi hiyo.

`top` huhesabu 100% kwa kila kiini, kwa hiyo 390% ni viini vyako vyote vinne. Uchoraji wa kawaida hauelekei kugawanyika hivyo. Vichujio (filters, kama ule ukungu wako) ndivyo hugawanywa kwa nyuzi (threads) nyingi. Jaribio la haraka kabla ya yote: View > Display Mode > No Filters, kisha vuta karibu tena. Prosesa ikitulia, umeshajua ni mtaa gani, imebaki nyumba.

Ili kuipata nyumba, fungua Inkscape moja tu, halafu tumia perf, chombo kinachoonyesha ni kazi gani inakula prosesa:

`sudo apt install linux-tools-common linux-tools-$(uname -r)`
`sudo perf record -F 99 -g -p $(pidof inkscape) -- sleep 20`
`sudo perf report --no-children`

Katika zile sekunde 20 usiache kuvuta na kusogeza ukurasa. Ukikaa tu unaangalia, utakuwa umepima programu iliyopumzika. Kasi (`-F`) ni sampuli 99 kwa sekunde badala ya 100 ili sampuli zisiende sambamba na saa za mfumo, maana zikienda sambamba zitaangukia mahali palepale kila mara.

Ukiona namba za heksa mahali pa majina, huna alama za utatuzi (debug symbols, zinazobeba majina ya kazi). Sakinisha `inkscape-dbgsym` kutoka hazina ya ddebs.ubuntu.com. Toleo lake lazima lilingane na la programu yako hadi tarakimu ya mwisho, la sivyo halitasaidia. Ni kifurushi kizito, uwe na bando la kutosha.

Anayesoma hili akiwa na 22.04: `-g` peke yake itamkatia mnyororo wa miito (kazi ipi iliita ipi), kwa sababu vifurushi vya Ubuntu vilianza kujengwa na vielekezi vya fremu (frame pointers, ambavyo `-g` huvifuata) kwenye 24.04. Atumie `--call-graph dwarf`. Hiyo hunakili KB 8 za staki kwa kila sampuli, kwa hiyo viini vinne vikiwa na kazi kwa sekunde 20 faili inapita MB 60.

mchapaji_kla
Asante mkuu. Kwenye No Filters prosesa inatulia kabisa. Juu ya ripoti iko `filter2D_IIR` yenye 61%, ndani ya libinkscape_base.so. Inayofuata ni libgomp, maktaba ya kugawa kazi kwa nyuzi, 17%. Je, nikipunguza ukubwa wa ukungu itasaidia?

akello_grafiki
Kidogo sana, ndugu. IIR, ile ya kwenye `filter2D_IIR`, ndiyo njia ya hesabu inayotumika kwa ukungu mpana, na gharama yake kwa kila pikseli haibadiliki hata ukungu uwe wa 10 au wa 40. Unacholipia ni eneo. Kila herufi ina kichujio chake, na kila kichujio kina eneo linalozidi herufi yenyewe pande zote. Ukivuta karibu, maeneo hayo yote yanakua. Ondoa ukungu kwenye herufi za kivuli mojamoja, zifunge kuwa kundi moja, uweke ukungu mmoja juu ya kundi. Kwa herufi zilizokaribiana tofauti inaonekana papo hapo.

Bado ni nzito? Tengeneza nakala ya kivuli, na kivuli tu, iwe picha ya pikseli kwa Alt+B, kisha ufute kivuli cha awali. dpi (pikseli kwa inchi) 100 inatosha, ukungu hauna kingo kali za kupoteza. A1 ni mm 594 × 841, kwa hiyo hata kikienea ukurasa mzima ni pikseli milioni 7.7, kama MB 31 za RAM. Ukurasa huohuo kwa dpi 300 ni karibu MB 280, na kwa GB 8 zako utaiona tofauti. Maandishi yenyewe yabaki vekta.

Ile 17% ya libgomp mara nyingi ni nyuzi zinazozunguka bure zikisubiri nyingine zimalize. Jaribu `OMP_WAIT_POLICY=passive inkscape`, upime upya.

fundi_ntinda
Naunga mkono. Na kwa kazi ya leo, shusha "Gaussian blur quality for display" chini ya Preferences > Rendering. Inagusa skrini peke yake; ukitoa faili ya kuchapa, ukungu unahesabiwa kwa ubora kamili.

Ukipima tena, chomeka chaja na uangalie `powerprofilesctl get`. Kwenye power-saver kasi ya viini hushuka, kazi ileile inachukua muda mrefu zaidi, na vipimo viwili vya hali tofauti havilinganishiki.