Boeing 767 ni ya zamani, mbona bado inaundwa?

Kipawa_Juu: Wakuu habari za muda huu. Ile ndege ya mizigo ya ATCL, shirika la ndege la Tanzania, iliyoingia 2023 ni 767-300F, inabeba tani 54, ila nikisoma naona 767 iliruka mara ya kwanza 1981!! Mbona bado wanaitengeneza wakati 787 yao mpya ipo? Halafu kwa nini ni nyembamba kuliko A330 ya Airbus?

Mzee wa Anga: Mkuu swali zuri. Boeing waliianza 1978 shirika la United la Marekani walipoagiza 30, kipindi hicho mashirika yanataka ndege ya injini mbili isiyobugia mafuta kama zile za injini tatu, ndo wakachora bodi ya upana wa mita 5 hivi, siti 2-3-2, yaani kila mstari anabanwa mtu mmoja tu katikati, wengine wote wako dirishani au njiani. Mimi kwa abiria sijaona mpangilio mzuri kuliko huo mpaka leo. Shida ikaja huku chini, makontena ya mizigo ya LD3 yaliyozoeleka hayakai mawili sambamba, ikabidi yatengenezwe madogo ya LD2. A330 ina mita 5.64, yanaingia mawili freshi.

BintiRubani: Naongezea, msisahau hii ndege ndo ilifungua njia. Zamani injini mbili hairuhusiwi kwenda zaidi ya dakika 60 kutoka uwanja wa dharura, 1985 Wamarekani wakaongeza hadi 120 na shirika lao la TWA wakaanza kuvuka Atlantiki na 767. Na Ethiopian 1984 walipokabidhiwa ya kwao waliitoa Washington moja kwa moja mpaka Addis, zaidi ya km 12,000 bila kutua, hapo mimi huwa nawavulia kofia kabisa.

Kuhusu kuundwa, ya abiria walishaacha. Zinazotoka sasa ni za mizigo, FedEx na UPS wanazipenda kwa vifurushi, na KC-46 ya kujaza mafuta angani ya jeshi la Marekani. Boeing walishatangaza ya mizigo mwisho 2027.

Kipawa_Juu: Asanteni sana. Sasa hiyo yetu spea itapata wapi?

Mzee wa Anga: Usiwe na hofu mkuu, zimeshaundwa zaidi ya 1,200 na KC-46 inaendelea kutoka kiwanda kilekile, Everett huko Marekani. Hofu yangu mimi ni mzigo wa kuijaza kila safari, samaki, maua, nyama, huko ndo tupambane.