Msaada: kidoa cha mbali, obiti inabadilika kila nikikokotoa

ChunguAnga: Wakuu, kwenye picha za darubini moja zilizowekwa wazi kwa umma nimeona kidoa hafifu kinachosogea kama sekunde 3 za tao kwa saa (sekunde ya tao ni 1/3600 ya nyuzi moja). Nina vipimo vinne vya usiku wa siku mbili zilizofuatana. Nikiviingiza kwenye Find_Orb, programu ya kukokotoa obiti, napata duaradufu ndefu ajabu, eksentrisiti 0.93 (0 ni duara kamili, ikikaribia 1 ni ndefu mno). Nikitoa kipimo kimoja, kimoja tu, obiti inakuwa karibu duara. Niamini ipi?

MzeeWaPembe: Usiamini yoyote. Obiti ina namba sita za kutafuta. Vipimo vinne vina pembe nane, mbili kila kimoja, utadhani zinatosha na chenji inabaki, lakini kwa muda mfupi hivyo vyote vinalala kwenye mstari ulionyooka. Unachojua hasa ni kidoa kilikuwa wapi na kinakwenda wapi kwa kasi gani: namba nne. Mbili zilizobaki programu inazitafuta kwenye kupinda kwa njia, na huko kupinda ni kudogo kuliko kosa lako la kupima.

Picha zilipigwa upande gani wa Jua?

ChunguAnga: Karibu kinyume nalo kabisa, nyuzi 170 hivi. Kinaelekea magharibi.

MzeeWaPembe: Safi. Niliuliza kwa sababu asteroidi ya kawaida, mwamba unaozunguka Jua karibu zaidi nasi, kuna wakati huonekana kama imesimama, ikajifanya kitu cha mbali. Nimewahi kuingia mkenge huo. Lakini hapo kinyume na Jua ingekimbia sekunde 30 na zaidi kwa saa. Mwendo unaouona sehemu kubwa ni wa Dunia: sisi ndio tunakipita. Kwa sekunde 3, umbali ni kama mara 43 ya ule wa Dunia na Jua. Hilo lishike. Eksentrisiti iache.

Nukta3: Mbona mwanahisabati Gauss aliipata obiti ya Ceres, sayari kibete, kwa vipimo vitatu?

MzeeWaPembe: Piazzi, aliyeigundua, aliifuata kwa siku 41 mwaka 1801, na Ceres huzunguka Jua kwa miaka 4.6. Kidoa hiki, kama obiti yake ni duara, kinahitaji miaka 280 hivi. Kupata kipande cha uwiano uleule ungengoja karibu miaka saba.

RudiNyuma: Mkuu, mimi huifunga programu kwa dhana ya Väisälä: chukulia kitu kipo kwenye perihelio, yaani pale obiti inapolikaribia Jua zaidi, hakilisogelei Jua wala hakilikimbii. Jaribu umbali wa 38, 43, 48, uone kila mmoja unakitupa wapi wiki mbili baadaye. Utapata ukanda mwembamba angani; tafuta humo. Kisha ndiyo ukitafute kwenye picha za zamani. Sedna, kitu kingine cha mbali, iligunduliwa Novemba 2003, wakaja kuikuta kwenye picha za hadi 1990. Ila usiruke miaka kumi nyuma ukiwa na siku mbili mkononi, utaokota kidoa cha mwenzio.

ChunguAnga: Nimerudi. Nimekipata siku ya 12, ndani ya ukanda kabisa! Umbali sasa ni kati ya 42 na 45. Eksentrisiti inasoma 0.2. Hii je?

MzeeWaPembe: Hongera kwa umbali. Hiyo 0.2 bado ni ya kubahatisha. 2018 AG37, nayo ya mbali sana, ilionekana Januari 2018, na obiti yake ikatangazwa 2021, baada ya kufuatiliwa mwaka hadi mwaka. Kitafute tena Dunia itakapokuwa upande huo mwakani.

RudiNyuma: Na kile kipimo ulichokitoa mwanzoni, kirudishe. Huenda hakikuwa na kosa.