Dogo kasoma PCM anataka uhandisi wa kilimo, aende SUA au abaki hapa Mbeya?

Mwana Usangu
Wakuu salama? Nina dogo kamaliza form six, PCM (fizikia, kemia na hesabu), dirisha la TCU, tume ya vyuo vikuu, likifunguka anataka kuomba uhandisi wa kilimo. Sisi ni wa Ubaruku huku Mbarali, mpunga ndo maisha yetu, na kilichompa huo wazimu ni kombaini. Msimu uliopita tulikodi moja ikaja kuvuna, ikazama kwenye jaruba la jirani lilikuwa halijakauka, siku mbili iko pale imelala ubavu na sisi tunaangalia mpunga unapukutika, dogo hata kula alikuwa haji, kutwa kwa yule dereva anauliza maswali mpaka jamaa akamwachia spana. Sasa mzee hataki aende mbali, anasema asome uhandisi wa mekanika pale chuo cha MUST Iyunga, wikiendi anarudi nyumbani na gunia la mchele anapewa. Dogo yeye ni SUA tu, chuo cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro. Mkopo ukitoka nusu mimi ndo wa kutuma hela, kwahiyo naomba kujua, hiyo kozi ina tofauti na mekanika ya kawaida au jina tu?

Mpogoro Mstaafu
Mkuu mimi nimepita hapo Morogoro, miaka 4. Sio jina tu. Chukua hiyo hiyo kombaini yenu. Wa mekanika atakuja ataangalia injini, mikanda, haidroliki. Wa kilimo ataanza kuuliza maji mliyatoa lini jarubani, maana mpunga unatakiwa ukaushiwe maji kama wiki mbili kabla ya kuvuna, udongo wa mfinyanzi kama wa Usangu ukiwa na maji haubebi tani zote zile hata ulete mashine mpya ya kwenye boksi. Halafu atauliza matairi au minyororo? Yaani anasoma mashine na ardhi kwa pamoja.

Ila angalieni vizuri pale kwenye kujaza, SUA kuna uhandisi wa kilimo, kuna wa umwagiliaji na rasilimali za maji, na kuna ule wa usindikaji na mambo ya baada ya mavuno. Watu wanajaza kilimo cha kawaida wakidhani ndo huo huo, wanakuja kushtuka wako darasani wanasoma magugu. Na mwambie mwaka wa kwanza ni hesabu na michoro, shamba utaliona kwa dirishani. Mimi nilijifanya mjanja, bumu (hela ya kujikimu) likitoka naingia mjini, nikala sapu ya hesabu, yaani kurudia mtihani, likizo nzima nimebaki na daftari.

Spana 17
Nitampinga kidogo mstaafu hapo juu. Mimi ni wa mekanika, nipo Uyole, trekta na pawatila natengeneza, na hayo ya udongo nimejifunzia hukohuko matopeni. Mzee ana hoja, chakula cha nyumbani sio kitu kidogo. Halafu mbona hakuna anayetaja chuo cha kilimo cha MATI Igurusi? Ni hapo hapo kwenu Mbarali, ni diploma, umwagiliaji unafundishwa. Na mjue digrii pekee haikupi uinjinia, unasajiliwa ERB, bodi ya wahandisi, kama mhitimu kwanza, ndo unapiga miaka 3 ya SEAP, mafunzo ya kazini chini ya injinia aliyesajiliwa. Mimi ofisi ya kwanza niliyopangwa sikugusa boliti hata moja, nilikuwa naandika barua za kuomba mafuta ya gari.

Mpogoro Mstaafu
Igurusi sawa, lakini dogo ana PCM kaka, akifaulu vizuri kwanini aanzie diploma?

Mama Parachichi
Kamweneee. Niko Njombe. Mnabishana mashine za shambani tu, hela inapotelea baada ya kuvuna. Huko kwenu mpunga mnauvuna na unyevu wa asilimia 20 na kitu, wa kuhifadhi unatakiwa ushuke kwenye 14, nyie mnautandaza kwenye turubai barabarani jua kali, usiku umande, asubuhi jua tena, punje inapasuka kwa ndani hamuioni, mkifika mashineni kukoboa inatoka chenga tupu halafu lawama zote kwa mwenye mashine. Mtu wa kukaa na hilo tatizo ndo anahitajika. Ningekuwa ni mwanangu ningemwambia ajaze huo wa baada ya mavuno namba moja.

Kijana wa Kitonga
Vipi Kenya? Egerton pale Njoro wanao uhandisi wa kilimo, na JKUAT pia.

Spana 17
Wapo na wako vizuri, ila mtu anayesubiri bei ya gunia ipande ndo atume hela asianzie huko.

Mwana Usangu
Asanteni sana wakuu. Nimemsomea mzee yote jana usiku, ya ERB hakujali, ya udongo akasema hayo anayajua toka utoto. Nilipofika kwa Mama Parachichi kwenye chenga akanyamaza, akaniambia rudia. Mwaka jana aligombana na mwenye mashine hapa mpaka wakahamisha gunia zote, salamu hawapeani hadi leo. Mpaka naandika hapa hajasema SUA wala Iyunga, ila ameshaniuliza mara mbili mashine ya kukaushia mpunga inauzwaje. Mwenye kujua bei aje.