Mjadala: Nimeacha nyama na maziwa, nipingeni kwa hoja

Mleta mada, Kisauni

Assalaam aleikum, na wakubwa shikamooni. Miezi saba sasa sijagusa nyama wala chai ya maziwa, na nyumbani washaanza kuulizana kama nimerogwa. Sikuugua, daktari hakunikataza, wala pesa hazikuniishia. Nilimwona ng'ombe.

Jirani yetu ana ng'ombe watatu machotara uani. Mmoja alizaa, ndama akafa siku ya nne, na mama akaanza kuzuia maziwa. Mchungaji akamchuna yule ndama, akaijaza ngozi majani makavu, akaishona, akaipaka chumvi kidogo, akaiegemeza mbele ya mama. Ng'ombe akawa anailamba, shingoni mpaka mgongoni, na huku chini maziwa yanateremka kwenye ndoo. Nami nimesimama pale na chupa yangu ya lita moja. Nililipa, nikaenda nayo nyumbani, hayakunyweka.

Wengi wakisikia habari hizi hukimbilia kisu, kwamba kuchinja ni ukatili. Mimi kisu nakiweka kando. Naanzia kwenye maziwa kwa sababu ndiyo tunayodhani hayana damu. Ng'ombe hatoi maziwa kwa kuwa ni ng'ombe, hutoa kwa kuwa amezaa. Abebe mimba miezi tisa, azae, ndama atengwe ili sisi tupate, kisha apandishwe tena. Ndama akiwa jike atapita njia ya mama yake. Akiwa dume hana kazi bandani, safari yake ni bucha. Majaini, wale wafuasi wa dini ya Kihindi ya kutodhuru kiumbe, wa hekalu la Langoni, nawaheshimu mno kwa kutogusa nyama tangu mababu, lakini wengi wao maziwa wanakunywa, na hapo kwangu hesabu haijafunga.

Kuku wa broila ndio usiseme. Wiki tano au sita tangu aanguliwe, yuko kwenye karai la mafuta. Na wale vifaranga madume wa mbegu ya mayai, kwenye viwanda vikubwa vya kuangulia huuawa siku hiyo hiyo, maana hawatagi na hawanenepi.

Sisi wa Mombasa tuna udhuru gani? Asubuhi mbaazi za nazi na mahamri, mchana wali na maharagwe, jioni viazi karai na muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu. Nani amekufa hapa kwa kukosa mshikaki?

Mwenye Bucha, Majengo

Kijana, umeandika vizuri, na mimi kazi yangu unaijua. Nikuulize: miguuni umevaa nini? Na hizo mbaazi, shambani panya na wadudu wangapi wanauawa ili wewe ule bila damu?

Mbuzi ninayemuuza amekula majani porini, na mamake yuko karibu. Dakika ya kisu ni moja. Kama una uchungu na wanyama, shida iko barabarani. Nimeshapokea mbuzi waliofungwa miguu minne, wakalazwa juu ya basi usiku kucha, wakashushwa kama magunia, mmoja amevunjika. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, iko vitabuni miaka na miaka. Hilo ningekuunga mkono kesho asubuhi. Hili la kuacha kabisa, la.

Binti Tana

Nimezaliwa Hola, naishi Mikindani. Mleta mada, mbaazi zako zinataka mvua. Kwetu mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, na Kenya nzima ikazika mifugo zaidi ya milioni 2. Ng'ombe wa bibi yangu walipokauka, aliyeanza kukonda alikuwa mtoto. Ng'ombe anakula majani usiyoweza kuyala wewe, juu ya ardhi usiyoweza kuilima wewe, anakupa maziwa. Hiyo ngozi unayotusimulia kwa huzuni wafugaji wengi wanaijua. Mbadala wake ni mama kukauka na watoto wa watu kulala njaa. Uchungu wa ng'ombe nauona, nimeukulia. Wewe umeuona mara moja.

Ustadhi, Kibokoni

Usiharamishe alichohalalisha Mwenyezi Mungu, soma Qurani, sura al-Maida aya ya 87. Lakini na wenye mabucha wasome pia: tumeamrishwa tunoe kisu na kumpumzisha mnyama, na aliyenoa kisu chake mbele ya mnyama alikemewa kwamba anataka kumuua mara mbili. Na katika al-Hajj, 37, nyama na damu havimfikii Mungu, humfikia ucha Mungu wenu. Mbuzi wa juu ya basi, huyo anaturudi sote.

Mleta mada

Ustadhi, sijaharamisha. Kuacha ni kuacha. Na sikuanza mimi: al-Maarri, mshairi kipofu wa Shamu, yaani Syria, aliyefariki 1057, aliacha nyama, maziwa, mayai, hata asali. Kuhusu maziwa aliona kwamba mama ameyakusudia kwa mwanawe. Mlinganiaji mkubwa wa dola ya Fatimiya kule Misri akamwandikia kumhoji, wakajibizana kwa barua.

Ustadhi, Kibokoni

Katika Waarabu wote umemchagua aliyetuhumiwa uzandiki, kupotoka katika dini! Na katika barua hizo hizo alitaja pia kwamba kipato chake kidogo.

Mleta mada

Kipato changu nacho kidogo, yakhe.

Nesi, Changamwe

Nakatiza kidogo. Vitamini B12 haimo kwenye mbaazi wala mchicha. Anayeacha vyote ameze vidonge au ale vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasijaribu bila kuonana na kliniki kwanza. Basi, endeleeni.

Kaka wa Likoni

Na samaki? Maana hapa kwetu ukisema huli nyama unaletewa changu wa kupaka.

Mleta mada

Samaki nilimwacha wa mwisho. Nikiwa kivukoni nikasikia harufu ya samaki wa kukaanga, natembea haraka.

Binti Tana, kwako sina jibu la kukushinda, wala sitaki kulitafuta. Bibi yako hana duka la mbaazi karibu. Mimi ninalo, hatua ishirini kutoka mlangoni, kwa hiyo kipimo changu si kipimo chake. Ninaowauliza ni sisi wa mjini, tunaokula kuku mara nne kwa wiki kwa sababu tu yupo.

Mzee wa bucha, viatu ni vya ngozi, nilivinunua kabla. Panya wa shambani ni kweli, lakini broila naye analishwa mahindi na soya zilizolimwa, kwa hiyo panya wake tunawahesabu mara mbili.

Mwenye Bucha, Majengo

Haya, hilo la broila nimelimeza. Na yule ng'ombe wa jirani, aliendeleaje?

Mleta mada

Ana mimba ya miezi minne. Ile ngozi bado imetundikwa bandani.