Wakuu, deki yangu ya Commander imezidi kadi tatu, nitoe zipi?

Kadi_Mia
Wakuu, habari za humu. Miaka yote nimekuwa msomaji tu, leo imebidi nifungue mdomo maana nimekwama na usingizi haupandi.

Naunda deki ya ushindani ya Commander, ule mchezo wa kadi za Magic: The Gathering, meza ya watu wanne. Makamanda wangu (kadi viongozi wa deki) ni Tymna the Weaver na Kraum, Ludevic's Opus, yaani rangi zote isipokuwa kijani. Nimepunguza wiki nzima, nimefika kadi 102, sasa mkono umekuwa mzito. Zinazogombania mlango wa kutokea ni Mystic Remora, Smothering Tithe, Ad Nauseam, Drannith Magistrate, Pact of Negation na Swan Song. Nahitaji kubaki na 99, kwa hiyo tatu ziondoke. Force of Will (ile ya kuzuia kadi ya mpinzani) haitoki, hiyo naomba isijadiliwe.

Mchezo ni Jumamosi. Natanguliza shukrani.

Kimyakimya
Nakaa hapa nisome.

ZamuYaTatu
Achana na Tymna na Kraum, mkuu. Hamia kwa kamanda Kinnan. Rangi mbili tu, na Sol Ring inakupa mana (nguvu ya kulipia kadi) tatu badala ya mbili. Mimi tangu nihamie huko sijawahi kulalamika kwamba mana imeniishia, nalalamika kwamba sina cha kuifanyia.

Kadi_Mia
Asante mkuu, lakini makamanda nilishaamua na kadi zao ninazo. Swali ni zipi tatu.

MzeeWaMana
Kijana, kabla ya zipi tatu, ni meza gani? Deki haiwi nzuri hivihivi, inakuwa nzuri mbele ya watu fulani. Chukua Remora. Inakuvutia kadi pale tu mpinzani anapocheza kadi isiyo kiumbe, na yeye ana haki ya kukunyima kwa kulipa mana nne. Kwenye meza ya ushindani, ambako kila mtu anaangusha vito (kadi za kuzalisha mana) na kadi za kutafutia tangu zamu ya kwanza, utavuta mpaka mkono ujae. Kwenye meza ya watu wanaomwaga viumbe utakuwa unailipia mana moja, zamu ijayo mbili, halafu tatu, kama mtu anayelipa kodi ya nyumba asiyoishi.

Kraum naye hivyohivyo. Anakupa kadi mpinzani akicheza kadi ya pili ndani ya zamu moja. Mtu mwenye deki ya boksi, iliyouzwa ikiwa imepangwa tayari, anacheza moja, anashusha pumzi, anampisha mwenzake. Kraum atabaki kuwa kiumbe arukaye wa mana tano anayepiga nne.

Kwa hiyo, hao wenzako wanacheza nini?

Kadi_Mia
Ni meza ya ushindani, mkuu. Yupo mmoja ana makamanda Rograkh na Silas Renn, huyo ni hatari kweli. Wengine wawili wako kawaida.

Bi_Sindano
Kawaida ya nani? Siku hizi yapo madaraja matano ya nguvu za deki, mtu hana haja ya kusema "kawaida". Taja namba.

Kadi_Mia
Wana deki za boksi. Ila wamebadilisha kadi kadhaa.

Chekatu
Kadhaa = mbili, na moja ni Sol Ring iliyokuwemo tangu kiwandani 😂

Bi_Sindano
Sasa tunaelewana. Una deki ya Daraja la 5, la juu kabisa, unayotaka kumpigia mtu mmoja, na wawili wapo pale kupigwa na vigae vinavyoruka. Hiyo Drannith Magistrate unayoitaja juujuu inawazuia wapinzani wote kucheza kadi kutoka popote nje ya mkono. Maana yake makamanda wao hawatoki. Mtu amenunua boksi kwa sababu ya lile joka lililo juu ya kifuniko, na wewe unamwambia joka utaliangalia tu. Atakuja Jumamosi ngapi za namna hiyo?

PachaWaKaburi
Hili la meza ya wanne limenikumbusha shindano langu la kwanza. Nilikuwa kiti cha tatu. Wa kwanza akajaribu kumaliza mchezo mapema kabisa. Wa pili akapita. Mimi nina kadi ya kuzuia mkononi, naiona, naishika. Nikajiambia, wa nne ana mana mbili za buluu wazi, hawezi kukosa, yeye atumie yake, mimi yangu niitunze. Nikapita huku najiona mjanja. Yule wa nne akanitazama kama mtu aliyeachwa na basi. Hakuwa na kitu. Alikuwa ameacha zile mana wazi kututisha tu.

Mchezo ukaisha, nami Force of Negation iko mkononi mwangu, mpya, haijatumika. Mpaka leo nikiiona kadi ile nasikia kichefuchefu. Kumbe hiyo yenyewe haina bure zamu yako, ila zamu ya mwenzako hailipiwi mana ukiitolea kafara kadi nyingine ya buluu, ndiyo maana inauma.

Kadi_Mia
Pole mkuu. Lakini kadi tatu?

MzeeWaMana
Huyo wa Rograkh alikufanya nini?

Kadi_Mia
Basi niseme. Jumamosi iliyopita, zamu ya nne. Mimi nimepanga vito vyangu mezani najiona tajiri. Jamaa akashusha Dockside Extortionist, kiumbe anayempa Hazina moja (kito cha mana ya mara moja) kwa kila kifaa au uchawi wa kudumu wa wapinzani mezani, akaanza kuhesabu kwa kidole, anagusa kila kadi yetu moja moja: moja, mbili, tatu... akafika tisa. Hazina tisa! Nne katika hizo zilitokana na vitu vyangu mimi. Akashusha Thassa's Oracle, na uwezo wake ukiwa bado unasubiri akaongeza Demonic Consultation juu yake, akataja kadi ambayo haimo kabisa kwenye deki yake. Maktaba yote (kadi ambazo hajazivuta) ikaondolewa mchezoni.

Mimi nina Swords to Plowshares mkononi, kadi ya kuondoa kiumbe. Nikampiga Oracle, akaondoka, nikanyanyuka kwenye kiti nashangilia. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Isome tena hiyo kadi." Nikaisoma mara tatu, wote wananisubiri.

MzeeWaMana
Hapo kadi zako hazina kosa, kosa ni la macho. Oracle anahesabu alama za buluu kwenye gharama za vitu alivyonavyo mwenyewe mezani, kisha analinganisha na kadi zilizobaki maktaba. Kama alama zinafikia au kuzidi kadi, ameshinda. Wewe ulipomwondoa, alama zikawa sifuri. Maktaba nayo sifuri. Sifuri imeifikia sifuri. Ulimfukuza mgeni ambaye alishaacha mzigo sebuleni.

Cha kuzuia ni Consultation. Ikizuiwa hiyo, anabaki na maktaba yake nzima na nguva wake mezani, hana la kufanya. Swan Song inakufanyia kazi hiyo kwa mana moja, ingawa haimgusi Oracle kwa sababu ni kiumbe. Pact of Negation inazuia chochote bila mana, ila mwanzo wa zamu yako ijayo inadai tano, ukikosa umekufa. Hizo mbili zikae.

Smothering Tithe toa leo. Yenyewe ni kitu kimoja kwenye hesabu ya Dockside, na kila hazina inayokuzalia ni kitu kingine. Unamlimia adui shamba.

Kadi_Mia
Hili sikuliona. Tithe inatoka. Asante sana mzee.

MzeeWaMana
Na kadi za buluu unazo ngapi?

Kadi_Mia
14, pamoja na Force of Will.

MzeeWaMana
Chache. Force of Will ni ya bure pale tu unapokuwa na kadi nyingine ya buluu mkononi ya kuitoa kafara. Ukikosa, ni kadi ya mana tano. Na ukipiga Ad Nauseam, ambayo kila kadi unayofunua unailipia uhai sawa na gharama yake, halafu ikafunuka, imekula pointi tano za uhai kwa mpigo. Kwa nini uliitoa kwenye mjadala tangu mwanzo?

Kadi_Mia
Kwa sababu ni Force of Will. Kila mtu anaiweka.

Bi_Sindano
Hapana. Umetaja kadi sita za kujadiliwa na moja ya kutoguswa. Hiyo moja ina kisa.

Kadi_Mia
Haina kisa. Nimeazimwa tu.

Bi_Sindano
Na nani?

Kadi_Mia
Na shemeji.

Chekatu
Shemeji yupi, mkuu? Isije ikawa...

Kadi_Mia
Ndiyo, ndiye huyohuyo wa Rograkh. Nilimwambia naingia shindano mahali pengine. Si uongo kabisa, nina mpango wa kuingia siku moja. Na yeye ana nne, amezipanga kwenye albamu tu, hazifanyi kazi. Msianze kunihukumu, kadi ni kadi, mezani kila mtu anatafuta ushindi.

Ndugu_Mnyoofu
Nimesoma mpaka hapa nikaishiwa nguvu. Mtu anakupa panga lake ukakate kuni, wewe unamvizia nalo mlangoni kwake. Shemeji ni ndugu wa kudumu, mchezo ni saa mbili. Mrudishie kadi yake kwa mikono miwili, mwambie ukweli, mcheke pamoja. Vijana mmepotea kwa kupenda kushinda. Zamani tulikuwa tunacheza kwa...

Chekatu
Zamani mlikuwa mnacheza karata tatu, tulia mzee.

ZamuYaTatu
Mimi sioni tatizo. Kupigwa na Force of Will yako mwenyewe ni heshima. Ila Kinnan haihitaji kuazima, nawaambia tu.

Mpekuzi_Wa_Zamu
Samahani nawakatisha. Dockside Extortionist ilifungiwa Septemba 2024, siku moja na Mana Crypt, Jeweled Lotus na Nadu. Kelele zake hakuna mchezaji wa Commander asiyezikumbuka. Mleta mada anasema amepigwa nayo Jumamosi iliyopita, na mtu "hatari kweli" wa meza ya ushindani. Wakuu, hii ni chai.

Chekatu
Leteni vikombe.

PachaWaKaburi
Mimi nilishtuka alipoamka kwenye kiti akishangilia. Hakuna mtu anayeshangilia Swords to Plowshares.

Mpekuzi_Wa_Zamu
Na shemeji mwenye Force of Will nne albamuni, kadi ambazo deki ya Commander inaruhusu moja tu ya kila aina? Hadithi imepikwa, mpishi akasahau chumvi.

Bi_Sindano
Hilo la nne halina ubaya, mtu anaweza kuwa na deki nne. Ila Dockside ijibiwe.

Kadi_Mia
Sijatunga. Sisi tuliipigia kura. Orodha ilipotoka shemeji alisema Dockside yake aliinunua kwa haki, haiwezi kugeuka karatasi kwa sababu watu fulani wameamka vibaya. Tukakubaliana kwamba aliyekuwa nayo kabla aendelee nayo. Kura tatu kwa moja.

Mpekuzi_Wa_Zamu
Nani alipinga?

Kadi_Mia
Mke wangu.

Chekatu
MKE yumo mezani?? 😂😂 Yaani huyo wa deki ya boksi ni mama mwenye nyumba?

Kadi_Mia
Mmoja wao, ndiyo. Mwingine ni rafiki yake.

Mpekuzi_Wa_Zamu
Nafuta neno langu. Hili haliwezi kutungwa.

Bi_Sindano
Basi mimi nina jibu moja, nalo halitoi kadi hata moja. Itisheni kura upya, Dockside iondoke kama ilivyoondoka kwa watu wote. Wewe na mkeo mna mbili tayari, mnahitaji ya rafiki yake. Na umwambie mkeo kuhusu hiyo Magistrate kabla hajaikuta mezani.

Kadi_Mia
Hapana dada. Nikimpiga bila Dockside atasema nilimfunga mikono. Nataka aishushe, ahesabu kwa kidole chake kama kawaida yake, afike kwenye Consultation, ndipo niizuie. Nimeshaiona picha nzima kichwani.

MzeeWaMana
Uliyoiona kichwani ni kadi moja katika maktaba nzima, kwa zamu moja, na ya buluu nyingine pembeni yake. Mulligani (kubadilisha mkono wa mwanzo) ya kwanza ni ya bure kwenye meza ya wanne, itumie. Zaidi ya hapo ni dua.

Na mwache Tymna afanye kazi. Viumbe vidogo vya mana moja viingie mapema, gonga wapinzani watatu, vuta kadi tatu kwa pointi tatu za uhai. Una 40, usiogope kuutumia. Hivyo ndivyo utakavyoifikia Swan Song, si kwa kuiota Force.

Kadi_Mia
Nimeelewa. Uamuzi wa mwisho: nimetoa Smothering Tithe, Mystic Remora na Ad Nauseam. Magistrate anabaki, nitazungumza na mke wangu taratibu. Nimehesabu mara mbili, 99 kamili, na makamanda wako pembeni. Mbarikiwe wote, uzi ufungwe.

Kimyakimya
Makamanda pembeni wangapi?

Kadi_Mia
Wawili. Tymna na Kraum. Nilishasema juu.

Kimyakimya
Basi maktaba ni 98. Hiyo 99 ni ya mwenye kamanda mmoja. Jumla ni mia, na wao wamo.

Chekatu
Uzi wote huu na hakuna aliyehesabu 😂😂

MzeeWaMana
Aibu yangu. Nilimfundisha sifuri nikasahau mia.

Kadi_Mia
Kwa hiyo nitoe ipi tena?

Bi_Sindano
Ile uliyotukataza kuijadili. Buluu huna za kutosha, na mwenyewe yupo.

Kimyakimya
Naunga mkono.

Ndugu_Mnyoofu
Kwa mikono miwili.

Kadi_Mia
Natoa Swan Song.