Nimelipia siku sita Kilimanjaro, getini tunakuta kibali cha siku tano

Wakuu, nimeshuka mlimani juzi na hasira bado ninazo, mnivumilie.

Tulikuwa wanne, njia ya Marangu. Kampuni moja ya Moshi ikatupa pakeji ya siku sita, kila kitu ndani: viingilio, vibanda, mwongozaji, wagumu (wabeba mizigo), chakula. Hiyo siku ya sita niliing'ang'ania mimi. Unalala Horombo usiku mara mbili, kwenye mita 3,720, na mchana wa katikati unapanda taratibu mpaka kwenye miamba ya Zebra Rocks kisha unarudi, mwili uzoee uchache wa oksijeni kabla ya kwenda kibanda cha Kibo, ambako ni zaidi ya mita 4,700.

Asubuhi getini, askari anaangalia mfumo. "Kaka, hapa mmelipiwa siku tano, usiku nne." Nikadhani kakosea. Akanigeuzia skrini, majina yetu manne yapo, siku tano kweli. Nampigia jamaa wa kampuni, ananijibu, "Usijali kaka, ni mtandao tu huo, nyie anzeni, narekebisha." Kuanzia hapo simu haipatikani! Getini hawapokei pesa mkononi, ni kontrol namba, na maombi yetu yalifunguliwa na kampuni, hivyo sisi hatukuweza kuongeza siku. Zaidi ya saa mbili tumekaa, wagumu wamejilaza kwenye majani, mizigo imeshapimwa. Tukaingia hivyo hivyo.

Aliyeumia ni dada yangu. Kichwa kilimwanza Horombo. Kufika Kibo anatapika, hata chai haikai tumboni. Mwongozaji akasema huyu hapandi, anashuka sasa hivi. Wenzetu wawili wakaenda kileleni, mimi nikashuka naye usiku ule. Machela ya gurudumu moja, wanaume wanne wanaishikilia, kila ikigonga jiwe dada anaguna na kunikaza vidole. Namshukuru Mungu alianza kupata nafuu kadiri tulivyoshuka.

Inawezekana angeumwa hata kwa siku sita, mlima hauchagui mtu. Lakini ile nafasi ya kuzoea niliinunua, na kuna mtu kaitia mfukoni. Tena kwa hela gani? Mgeni analipa dola 70 kwa siku, hiyo ni ada ya hifadhi peke yake, bado kibanda, uokoaji na VAT ya 18%. Sisi raia tunalipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha. Yaani kwa vijisenti hivyo mtu kaweka roho ya dada yangu rehani. Mgeni wa dola anafanyiwa nini basi?

Mnaojiandaa kupanda, msikubali kuambiwa "kila kitu kipo ndani" mkanyamaza. Dai bili yenye kontrol namba kabla hujatoka nyumbani, soma idadi ya siku na majina, ulipe mwenyewe kwa simu au benki. Hela ya kampuni iwe ya huduma yao tu. Akikukatalia kukuonyesha bili, tafuta mwingine, Moshi kampuni haziishi.

Jana jamaa wa kampuni hatimaye kapokea simu. Ananiambia hela ya ile siku "iliingia kwenye maandalizi". Maandalizi yapi, wakati wagumu wenyewe tuliwaongezea sisi mfukoni? Risiti yake ya siku sita ninayo, na picha ya bili ya siku tano ninayo. Kesho saa mbili asubuhi nipo mlangoni kwake. Nikitoka bila hela ya watu wanne, naelekea polisi.