Kurudi kwenye mbio baada ya upasuaji wa kizazi kilichoshuka

Mama Mwalimu, Nguba

Ndugu na dada wa Bukavu, salamu. Nilifanyiwa upasuaji wa kurekebisha kibofu na kizazi vilivyokuwa vimeshuka, na sasa ninaingia wiki ya 7. Daktari amekagua kidonda, akaniambia kimefunga vizuri na kwamba ninaweza kuanza tena maisha ya kawaida. Lakini maisha ya kawaida hapa kwetu ni kupanda na kushuka vilima, kuinua bidoni siku ambazo bomba limekauka na, kwa upande wangu, kukimbia alfajiri kabla ya kwenda shuleni. Je, ninaweza kurudia mbio sasa, au kuna hatua za kupitia kwanza? Mama mkwe ananihimiza nijifunge tumbo kwa kitenge kilichokazwa sana ili viungo visishuke tena, nami ninasita.

Mtaalamu wa kinesiterapia, Ibanda

Pole kwa yote uliyopitia, Mama. Mbio bado, kutembea, ndiyo. Katika wiki ya 6 kidonda huonekana kimepona, ilhali kovu la ndani linaendelea kujijenga kwa miezi kadhaa, na ndiyo maana wataalamu wengi huomba mgonjwa asubiri takriban miezi 3 kabla ya kukimbia, kuruka au kuinua vitu vizito. Kinachohatarisha ukarabati ni shinikizo linalotoka tumboni kwenda chini: kuinua mzigo huku umezuia pumzi, kikohozi kisichotibiwa, na kujikamua chooni. Hili la choo watu hulidharau kwa sababu halifanani na mazoezi, ingawa kwa wengi ndilo linalotokea kila siku. Kwa hiyo kunywa maji ya kutosha, kula sombe (majani ya muhogo), maharagwe na mapapai, na ukifunga choo umwombe daktari dawa ya kulainisha mapema.

Kuhusu kitenge, mheshimu mama mkwe, lakini usikaze. Tumbo likibanwa kwa nguvu katikati, shinikizo hutafuta njia, na njia iliyo wazi ni ya chini.

Anza na misuli ya sakafu ya nyonga yenyewe, yaani ile inayoshikilia kibofu na kizazi kutoka chini, ikiwa daktari wako ameruhusu. Lala chali na magoti yamekunjwa, kisha bana kama mtu anayezuia hewa na mkojo kwa pamoja, ukivuta ndani na juu, bila kukaza makalio wala kuzuia pumzi. Shikilia sekunde chache unazoziweza, legeza kabisa, halafu rudia. Lengo la baadaye ni sekunde 10, mara 10, awamu 3 kwa siku. Kulegeza ni nusu ya kazi, na wengi husahau hilo. Usilifanye zoezi hili huku ukikojoa, maana kukatisha mkojo mara kwa mara kunaweza kuvuruga namna kibofu kinavyomaliza kutoa mkojo. Ukishauzoea mbano huo, utumie kila unapotaka kukohoa, kupiga chafya au kumwinua mtoto.

Mama wa Kadutu

Mimi nilipasuliwa kwa tatizo kama lako, na ninaongeza jambo la maji, kwa sababu ushauri wa kutoinua zaidi ya kilo 5 unatolewa kana kwamba kila nyumba ina bomba jikoni. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20, hata kabla hujaanza kupanda. Kwetu tulikaa kikao, mume wangu akiwepo, tukakubaliana kwamba watoto wakubwa na yeye ndio watakaochota, nami nitabeba kidumu cha lita 5 tu. Bila mazungumzo hayo, mama anaambiwa apumzike lakini hakuna anayemwachia nafasi ya kupumzika. Tena chunga mteremko kuliko mlima: kupanda kunachosha pumzi, bali kushuka kwa haraka ndiko kunakotikisa nyonga.

Mama Mwalimu, Nguba

Asanteni sana, mmenisaidia. Nitajuaje kwamba siku ya kukimbia imefika? Tena dada yangu alipasuliwa fistula, lile tundu kati ya kibofu na uke linalovujisha mkojo. Je, afuate utaratibu huuhuu?

Mtaalamu wa kinesiterapia, Ibanda

Kwanza utembee kwa kasi nusu saa, kwenye sehemu tambarare, bila kuvuja mkojo na bila kuhisi uzito au kitu kinachoning'inia ukeni, wakati huo na hata jioni yake. Baada ya miezi 3, na daktari akikubali, changanya dakika 1 ya mbio nyepesi na dakika 2 za kutembea, uongeze polepole wiki hadi wiki. Uzito ukirudi, punguza hatua moja. Ukitokwa damu upya, ukapata homa, uchafu wenye harufu, uvimbe unaojitokeza au ukashindwa kukojoa, acha mazoezi na urudi hospitalini siku hiyohiyo.

Dada yako asiazime utaratibu wako. Baada ya fistula mpira wa mkojo hukaa kwa muda ili kibofu kipumzike, kwa kawaida mama huombwa kutokutana na mume kwa miezi 3, na mimba ijayo hushauriwa izaliwe kwa upasuaji. Mazoezi yake yapangwe na waliomtibu. Kama ni Panzi hapa Bukavu, au HEAL Africa kule Goma, hospitali hizo zimezoea sana wagonjwa wa fistula, basi aulize huko kabla hajaanza kubana chochote.